Nani Aliamua Kwamba Nyumba ya Udongo si Nyumba?

Uzi wa leo ni mrefu. Kama uko kwa matatu, una bahati. Kama uko kazini, jifanye unasoma barua ya bosi.

Kila msimu wa siasa mjadala wa nyumba hupita njia ile ile. Mmoja anasimama juu ya gari na kuahidi nyumba za kisasa. Wa pili anamjibu kwamba pesa za hizo nyumba zinakatwa kwa mshahara wako. Halafu anatokea wa tatu, mara nyingi mtu wa semina, anasema tujenge kwa vifaa visivyoharibu mazingira: udongo, mianzi, mawe ya hapa hapa. Umati unanung'unika. Mtu wa nyuma anapaza sauti: "Wewe unalala kwa nyumba ya mawe, sisi unataka turudi kwa matope?" Watu wanapiga makofi, na mjadala unafia hapo.

Sitamcheka yule wa nyuma, maana ana historia upande wake. Na sitataja mwanasiasa wala chama, kwa sababu wote wamewahi kusema maneno haya haya, wakibadilishana tu upande wa jukwaa.

Mwenyewe jambo hili limenishika shingoni. Tangu mwaka jana namjengea mama nyumba kwetu Makueni, na ugomvi wetu wa kwanza haukuwa wa pesa. Ulikuwa wa ukuta. Nitarudi huko.

Tuanze Pwani, kwa sababu ndiko unakoweza kugusa ukuta wa kale kwa mkono wako. Gede, karibu na Watamu, ni mji uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Kuta zake zingine bado zimesimama. Lamu yenyewe haijahamwa. Watu wanaishi ndani ya nyumba za namna hiyo hadi leo, na mji wa kale uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001. Vifaa vilitoka karibu: jiwe la matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na jiwe hilo hilo, boriti za mikoko, makuti. Hata upana wa chumba uliamuliwa na mti. Dari la mawe na chokaa ni zito, na boriti ya mkoko haiwezi kulibeba ikizidi kama mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya kale vya Lamu ni virefu na vyembamba. Wakata mikoko walikuwa na jina kwa kila unene wa mti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo.

Mtu wa semina angependa tuishie hapo, tupige picha ya mlango wa kuchonga twende zetu. Lakini chokaa haijichomi. Tanuru la chokaa lilikula kuni, na kuni zingine zilikuwa mikoko. Boriti nazo zilipakiwa kwa majahazi kwenda Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, mwaka baada ya mwaka, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Kifaa kuwa cha asili hakumaanishi kwamba hakina gharama. Inategemea unakichukua kwa kasi gani, na kama mahali ulipokitoa patapona.

Na kuna sehemu nyingine ambayo watu hawapendi nikiisema. Hata huko Pwani nyumba ya mawe ilikuwa ya wenye nacho. Wengine waliishi kwa nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, na kila mtu alijua tofauti. Kwa hivyo tusimbebeshe Mzungu dharau yote ya udongo.

Ila dharau ni kitu kimoja na sheria ni kingine. Sheria tunajua ilivyokuja.

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901, kila kibanda na kodi yake. Baadhi ya familia zilijibu kwa akili: zikabana watu wengi ndani ya nyumba chache. Yaani ile hesabu ya nyumba yako kuwa njia ya serikali kufikia mfuko wako si jambo jipya, ndugu zangu mnaolia na makato ya leo.

Nairobi nayo ilianza kama mji wa mabati na mbao. Reli ilikuja na nyumba zake za mabati yaliyosafirishwa kwa meli. Mwaka 1902 tauni ilipoingia kwenye soko la Wahindi, wakubwa wa afya waliamuru soko lote lichomwe. Kuanzia hapo, lugha ya afya na lugha ya vifaa vya ujenzi zikawa moja. Mji wa mawe ulikuwa mji safi, na mji wa matope ulikuwa ugonjwa unaosubiri kiberiti.

Mwafrika alihesabiwa mpita njia mjini: anakuja kufanya kazi, halafu anarudi kwao. Mtu wa kupita atajengewa nini cha kudumu? Pumwani ilipotengwa kwa ajili ya Waafrika miaka ya 1920, watu waliruhusiwa kujijengea wenyewe kwa fito na udongo, na mapaa mengi yalikuwa ya madebe yaliyopondwa yakawa bapa. Zile nyumba za Majengo zenye vyumba pande mbili na korido katikati ni ujenzi wa Kiswahili wa Pwani uliohamia bara. Zilikuwa za udongo kwa sababu wenye mji hawakutaka ziwe za kudumu. Ilipofika zamu ya Pangani kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakaazi walielekezwa Shauri Moyo. Wenye nyumba za udongo waligundua wakati huo kwamba neno "muda" lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa na makali.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo kiini cha uzi.

Baada ya uhuru hatukuifuta hiyo lugha. Mwaka 1968 serikali ilitoa kanuni za ujenzi ambazo halmashauri za miji zingeweza kuzipitisha. Mizizi yake ilikuwa kanuni za Uingereza. Zilikuambia ukuta uwe wa kitu gani na unene gani, kana kwamba mvua ya Nairobi na theluji ya Manchester ni ndugu. Kulikuwa pia na kanuni za daraja la pili, nafuu kidogo, lakini kwa maeneo yaliyoteuliwa tu. Udongo wa chini ya miguu yako haukuwa kifaa halali cha ujenzi katika sehemu kubwa ya mji. Ukijenga nao, nyumba yako inaitwa ya muda. Ikiitwa ya muda, hupati ramani iliyopitishwa. Bila ramani hakuna mkopo wala fidia. Na siku tingatinga linapokuja, kama lilivyokuja Muoroto na Kibagare mwaka 1990, afisa anasema vilivyobomolewa si nyumba ila vibanda.

Kwa hivyo yule wa nyuma anapokataa matope, haongei tu kuhusu vumbi na funza. Anajua kwamba katika nchi hii, kifaa ulichojengea kinaamua kama serikali itakuhesabu mwenye makao au takataka ya kusombwa. Mtu wa semina hajawahi kubomolewa. Hilo hawezi kuliona kwenye slaidi zake.

Turudi kijijini kidogo. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya udongo yenye paa la nyasi. Nyasi hizo zilibadilishwa kila baada ya miaka michache, na miaka ya kiangazi hazikupatikana. Mama, ambaye kwetu namwita Mwaitu, alikuwa kwenye kikundi cha akina mama kumi na wanane. Kila mwezi walichanga, na kila mara zamu ilipofika kwa mmoja, walimnunulia mabati. Vikundi vya namna hiyo vilienea miaka ya 1960 na 1970, hasa sehemu za kati na Ukambani, mpaka vikaitwa tu vikundi vya mabati. Hakuna mfadhili aliyewaanzishia, na hakuna aliyewaahidi kwa jukwaa.

Wanaopenda nyumba za nyasi kwenye picha huwaona hawa akina mama kama watu waliotupa utamaduni. Ni makosa makubwa. Paa la mabati ni shamba la maji. Weka mfereji chini yake na pipa pembeni, na mvua ya Novemba inakuokolea safari ya kilomita kadhaa na mtungi mgongoni. Mwaitu anakumbuka mabati yake yalikuwa 20 na pipa lilikuwa moja, na kwamba wiki ile ya kwanza ya mvua hakulala, alikuwa anasikiliza pipa likijaa. Chuma kinachafua kikitengenezwa, hilo ni kweli. Lakini ukipima mazingira bila kupima mgongo wa mwanamke, umepima nusu. Sensa ya 2019 ilikuta karibu nyumba 8 kati ya 10 nchini zimeezekwa mabati. Hiyo kura ilishapigwa, na akina mama ndio walioipiga.

Kuta ni hadithi nyingine. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya nyumba za Kenya bado zilikuwa na kuta za matope na samadi. Tuliobaki tuko kwa mawe, matofali, mabati, mbao na saruji.

Saruji yenyewe ilianza kama bidhaa ya meli. Kampuni ya Portland ilisajiliwa mwaka 1933, na biashara yake ya mwanzo ilikuwa kuleta saruji kutoka Uingereza. Bamburi ilianzishwa mwaka 1951, ikawa na kiwanda chake kaskazini ya Mombasa juu ya matumbawe yale yale ambayo mababu walichonga kwa shoka. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1950 Athi River nayo ilikuwa inazalisha. Uhuru ulipokuja, simiti ilikuwa tayari na maana yake: kila harambee ya shule ilihesabiwa kwa mifuko.

Ubaya wake hauonekani kwa macho. Watu hudhani shida ni moshi wa kiwanda. Moshi upo, kwa sababu tanuri la saruji linafika joto la nyuzi 1,450 hivi. Lakini sehemu kubwa ya kaboni haitoki kwa mafuta yanayochomwa, inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Jiwe la chokaa likipashwa moto linaachilia kaboni lililokuwa nayo, na kinachobaki ndicho kinachosagwa. Hata ukiwasha hilo tanuri kwa umeme wa mvuke wa Olkaria, jiwe litatoa kaboni yake tu. Ndiyo sababu saruji inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya kaboni inayotolewa na shughuli za binadamu duniani. Kenya ni mchangiaji mdogo sana hapo, na sitamruhusu mtu wa Ulaya aje kunihubiria kuhusu mfuko mmoja wa simiti wa Mwaitu. Anihubirie baada ya kuhesabu madaraja yake.

Lakini simiti haitembei peke yake. Inataka mchanga. Na hapo tunaacha mambo ya dunia, tunaingia kwetu.

Mito ya Ukambani ni mito ya mchanga. Mgeni anaiona mikavu miezi minane, anadhani haina kitu. Maji yako chini. Mchanga huyashika, jua haliyafikii, na ukichimba kwa bakuli unakunywa hata mwezi wa Septemba. Wazee wetu na vikundi vya mwethya wamejenga mabwawa ya mchanga kwa sababu hiyo: ukuta mdogo kukata mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanakaa humo kama kwenye sifongo. Ukichota ule mchanga, umetoboa tenki. Nairobi ilipopanda ghorofa, malori yalikuja kwetu usiku. Nilikuwa darasa la saba. Vijana walilipwa kwa kila lori walilopakia, na nikuambie ukweli, kaka yangu alipakia. Karo yangu ya muhula mmoja ilitoka kwenye ule mto. Miaka michache baadaye tulichimba mahali tulipozoea tukagonga mwamba mkavu.

Watu wamepigana kwa ajili ya mchanga huko kwetu, na damu imemwagika. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga, ikaunda mamlaka ya kuusimamia na kubana biashara ya kuusafirisha nje ya kaunti. Sheria hiyo inasifiwa na kulaumiwa, mimi naisifu. Ila ukibana mto mmoja na mahitaji ya jiji hayajapungua, lori linageuza tu kona. Mwanasiasa anayeahidi maelfu ya nyumba za saruji na kokoto bila kusema mchanga utatoka mto gani, hajamaliza sentensi yake.

Najua mtaniambia matofali ya kuchoma. Kwetu ndiyo yaliyoshika baada ya udongo, na ni mazuri kwa macho. Lakini tofali jekundu ni kuni zilizogeuka ukuta. Mjomba alipochoma matofali ya nyumba yake alikata migunga mitatu mikubwa na mwembe uliozeeka, na moto uliwaka usiku na mchana. Kile kilima hadi leo kina upara.

Halafu kuna neno "kisasa" lenyewe. Tahadhari nalo. Kuna wakati asibesto ndiyo ilikuwa kisasa. Haishiki moto, haishiki kutu, haipigi kelele mvua ikinyesha. Shule, zahanati na nyumba za wafanyakazi wa umma ziliezekwa nayo, na sisi wa nyasi tuliwaonea wivu. Nyuzi zake zikivutwa ndani ya mapafu huleta kansa ambayo huchukua miongo kujitokeza. Mwaka 2006 kanuni za taka ziliiweka asibesto kwenye orodha ya taka hatari, na tangu hapo tumekuwa tukitafuta pesa za kuishusha kwenye mapaa tuliyoipandisha kwa shangwe. Bado kuna watoto wanaosoma chini yake.

Kwa hivyo je, hakuna aliyejaribu kitu cha katikati? Walijaribu, na hii ndiyo sehemu ya historia inayonikera zaidi.

Miaka ya 1980 walikuja na vigae na mabamba ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za katani, mbadala wa asibesto. Wazo zuri, makonge tunayo. Tatizo ni kwamba saruji ni kali, inaila katani polepole, na baada ya miaka bamba linapasuka kama biskuti. Waliotangulia kununua ndio walioumia, na sifa ya "teknolojia nafuu" ikaumia nao. Kijiji hakisahau paa lililovuja.

Matofali ya udongo ulioshindiliwa yalikuwa na bahati bora kidogo. Wazo lake ni la miaka ya 1950, kutoka Colombia: mashine ya mkono yenye wenzo mrefu inayoubana udongo mwekundu uliochanganywa na simiti kidogo. Kwa kawaida simiti ni sehemu moja kwa kumi na nne au kumi na sita za udongo, kutegemea udongo wenyewe. Halichomwi. Linafunikwa na kumwagiliwa maji wiki moja au zaidi, kisha linakauka kivulini. Yakichongwa kwa umbo la kushikana, unahitaji mota kidogo sana kati ya tofali na tofali, na mchanga wa kujengea ukuta unapungua mno. Kenya ilikuwa na viwango rasmi vya tofali hilo tangu mwaka 1993. Nairudia: 1993. Na mwaka 1995 kanuni za ujenzi zilifanyiwa marekebisho ili ukuta upimwe kwa unavyofanya kazi badala ya jina la kifaa. Uwe na nguvu, usipitishe maji, usiungue ovyo, basi. Nakuru ilikuwa miongoni mwa miji iliyozikubali. Miaka ya 2000 serikali ikaanza kusambaza mashine na vituo vya mafunzo mashinani.

Yaani udongo umekuwa halali kwa miaka thelathini. Nani alikuambia?

Hakuna aliyesimama juu ya gari akatangaza. Sheria ilibadilika, lakini watu waliokuwa wakiitumia walibaki vile vile. Mimi mwenyewe nilienda benki moja kuuliza mkopo wa nyumba ya Mwaitu. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, akaniuliza kuta ni za nini. Nikamwambia. Akaandika kitu, akafuta, akaniambia, "Kaka, kwa fomu hakuna hiyo. Niandike mawe ama niandike semi-permanenti?" Hiyo "semi-permanenti" ndiyo 1920 ikiongea kupitia mdomo wa mtoto wa juzi. Nikaondoka na soda niliyopewa.

Makosa mengine ni ya watetezi wenyewe. Walileta mashine mahali pa udongo mweusi wa pamba, ambao huvimba mvua ikija na kupasuka jua likiwaka, matofali yakavunjika, wakaondoka na mradi wao. Hawakufundisha mafundi wa kutosha. Na mara nyingi walilitangaza tofali kama la maskini. Ukitaka Mkenya akatae kitu, mwambie ni cha maskini.

Ilhali udongo haukuwahi kuwa wa maskini peke yao. Waulizeni Washihiri wa Mombasa na Lamu ambao mababu zao walitoka Hadhramaut. Huko kuna mji unaoitwa Shibam, maghorofa ya matofali mabichi ya udongo, mengi ya karne ya 16, mengine ghorofa saba kwenda juu. Walioyajenga walikuwa matajiri wa biashara. Udongo huo unataka kupakwa upya kila mara na mafuriko yameuumiza, sisemi ni wa miujiza. Nasema umesimama miaka 400 na zaidi, na ghorofa letu la mawe na saruji Huruma lilianguka mwaka 2016 likaua watu zaidi ya 40. Kilichoua Huruma ni ujenzi mbovu na jicho la serikali lililofumbwa, kando ya mto. Saruji haikuwaokoa.

Sasa turudi kwenye mijadala ya leo, maana mtaniuliza haya yote yanahusu nini na makato yangu.

Sheria ya nyumba ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Sheria ya fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa nje, ile kokoto iliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji. Wanaoitetea wanasema inalinda viwanda vya hapa. Wanaoipinga wanasema inapandisha bei ya mfuko. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi zilianza kutumika Machi 2025 kuchukua nafasi ya zile za 1968. Haya yote hubishaniwa kila siku, na karibu kila mara ugomvi ni kuhusu nani analipa na nani anakula tenda. Ni maswali halali. Lakini ukuta wenyewe hautajwi. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa ujenzi nchini: madarasa, zahanati, nyumba za polisi, masoko. Kama orodha ya vifaa vya darasa la kata yenu imeandika mawe, mchanga wa mto na saruji peke yake, basi pesa zinapanda lori zinaondoka, na mto unapanda lori nao. Kama ingeruhusu tofali la kushindiliwa pale udongo unapofaa, vijana wa kata hiyo wangekuwa ndio kiwanda.

Na hapo ndipo ningependa yule wa nyuma abadilishe kelele yake kidogo. Asiseme hataki udongo. Aulize: je, ofisi yako mheshimiwa itajengwa kwa udongo? Je, zahanati? Je, benki itaukopesha? Nchi ikianza na jengo la chifu na nyumba ya daktari, hakuna mtu ataita udongo matope tena. Ikianza na kibanda cha mjane, tumerudi Pumwani.

Nilisema nitarudi kwa Mwaitu.

Nilipomwambia nataka kumjengea kwa udongo alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Mwanangu, mimi nilichanga miaka sita nitoke huko. Wewe umesoma ili unirudishe?" Sikuwa na jibu la semina. Nilichukua udongo wa ng'ambo ya boma, tukaujaribu kwa chupa ya maji kuona mfinyanzi ni kiasi gani na mchanga ni kiasi gani, nikakodisha mashine kwa fundi mmoja wa Wote, tukapiga matofali kumi na mawili. Nikamwachia.

Alifanya utafiti wake. Moja aliliweka ndani ya karai la maji usiku kucha. Jingine alilikwaruza kwa msumari. La tatu alimpa mjukuu aliangushe kutoka kwa kiti, na mjukuu alifurahi sana. Wiki mbili baadaye alinipigia simu, hakunisalimia, akauliza, "Na msingi?" Nikamwambia msingi ni mawe, juu yake karatasi ya kuzuia unyevu, paa litokeze nje kwa upana ili mvua isipige ukuta. Akauliza mabati ni ngapi. Nikamwambia 46. Akauliza matenki. Nikamwambia mawili.

Hapo ndipo akakubali, kwa sharti moja. Upande wa mbele, unaoonekana na barabara, upigwe plasta ya simiti na rangi ya krimu kama wa jirani. Tumebishana, fundi amecheka, nimeshindwa. Mbele ni krimu. Pande tatu zilizobaki udongo uko wazi, mwekundu, na jioni anaketi upande wa nyuma kwa sababu, anasema, kuna baridi nzuri.